Foleni ya Kuoga Nyumbani kwa Wajapani

Mtu akistaafu serikalini hupewa kiti, saa ya ukutani na hotuba. Mtumishi wa ndani akistaafu Dubai hugongewa muhuri wa kufuta viza na kuulizwa kama ameacha funguo. Mimi funguo niliziacha. Nikarudi Tanga, na tangu nirudi wasichana wanaojiandaa kwenda kule wananijia barazani kuniuliza mambo. Wengi huanza na mshahara. Hilo waulizeni mawakala, wanaujua kuliko sisi tuliokuwa tukiupokea. Mimi nitaeleza kazi, na hasa ile miaka niliyokaa na Wajapani. Kwa Waarabu mtafundishwa na kila mtu, kwa Wahindi mtajifunza wenyewe jikoni. Kwa Wajapani hakuna atakayewaambia kitu, na wa kwanza kutowaambia ni wao wenyewe.

Nilifika Bur Dubai mwaka ambao lile jengo refu kuliko yote duniani lilikuwa bado linanuka rangi. Flati ilikuwa ghorofa za juu, dirisha la jikoni likitazama migongo ya maduka ya vitambaa. Sir alikuwa mtu wa kampuni ya vipuri, na shughuli zake zilikuwa Ras Al Khor, kule ambako magari hulala vipande vipande yakisubiri kuletwa kwetu. Madam alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na kawaida ya kuziba mdomo kwa kiganja kila akicheka. Watoto hawakuwa nao. Mimi naitwa Mwanaidi. Wao waliona refu, wakanikata wakabakisha Mwana, wakaongeza san yao ya heshima, nikawa Mwana-san.

Wakala alikuwa amenionya njia nzima kutoka uwanja wa ndege. "Wajapani wana mila za ajabu," aliniambia. "Viatu wanavua mlangoni. Chooni wana ndara za chooni tu." Nilimtazama. Mimi nimelelewa Tanga na bibi ambaye angekukuta umeingia chumbani na ndara za chooni, usiku huo ungelala ukumbini. Nikajiambia hawa ni watu wa kwetu, ila wamepotea njia.

Kilichonishinda ni kwamba ndara zenyewe zilikuwa na adabu. Ukizivua unatakiwa uzigeuze zitazame mlangoni, ili atakayetoka azikanyage aende zake bila kuhangaika. Mimi nilikuwa nikizivua zinakaa zilivyotaka, na Madam akipita nyuma yangu akizigeuza moja moja huku ananitabasamia. Nilidhani ana maradhi.

Jioni ya siku hiyohiyo ndipo nilipoharibu kazi. Bafuni kulikuwa na hodhi la kuogea, na pembeni yake Madam alikuwa ameweka kigoda cha plastiki na bakuli. Alijaza hodhi maji ya moto, akapima kwa kipimajoto, akalifunika kwa kifuniko walichokileta kutoka kwao. Sir akarudi kutoka kazini, akaingia, akatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Mimi nikafanya kama mtumishi yeyote mwenye akili angefanya. Nikafungua kizibo, maji yakaenda zake, nikalisugua hodhi kwa sabuni mpaka likang'aa, nikalikausha kwa kitambaa. Nikasimama mlangoni kusubiri sifa.

Sifa zilikuja. Madam alitokea na taulo lake begani, akaliangalia hodhi kavu, akainama. "Asante sana, Mwana-san. Umefanya kazi nzuri sana. Asante kwa kujisumbua. Asante sana." Hita ya flati ile ilikuwa na tangi dogo, ikishajaza hodhi mara moja hubaki kutoa maji ya kutawadhia tu. Kwa hiyo Madam alioga maji baridi, na asubuhi akanishukuru tena mezani. Nikaona nimepata waajiri wa peponi.

Aliyenitoa usingizini ni Bi Zuhura. Alikuwa mtu wa Unguja, mtu mzima, amefanya kazi kwa Wajapani wa ghorofa ya juu yetu kwa miaka mingi. Tulikutana kwenye shimo la taka, lile tundu la ukutani ambalo kila ghorofa hutupia mifuko yake. Nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyoanza kazi.

"Ushafungua kizibo?" akaniuliza.

"Si maji machafu, Bi Zuhura? Mwanamume katoka humo."

"Masikini ya Mungu. Wale hujisugua nje, juu ya kigoda, mpaka wakatakata. Ndani ya hodhi wanakwenda kukaa tu. Maji yale ni ya nyumba nzima."

"Nyumba nzima waingie maji ya mtu mmoja?"

"Tena kwa zamu. Mgeni mwanzo, kisha bwana, kisha watoto. Mke mwisho."

"Mbona hakuniambia? Amenishukuru mpaka nikaona haya."

Bi Zuhura aliuweka chini mfuko wake wa taka. "Sikiliza, mwanangu. Mjapani akikushukuru kidogo, umefanya vyema. Akikushukuru mpaka ukaona haya, umeharibu. Yule aliyekuwapo kabla yako walimshukuru mpaka uwanja wa ndege."

Basi nikaanza kazi upya, kwa kuhesabu shukrani kinyumenyume. Nilijifunza kutia kifuniko mara tu mtu akitoka, ili moto usipotee. Nilijifunza kuchemsha birika na kuongezea maji kila zamu, na kuopoa nywele kwa kichujio cha chai nilichokinunua kwa kazi hiyo tu. Kazi hiyo sikuwahi kuwasimulia watu wa nyumbani. Kwetu nilikuwa nimesema ninafanya kazi kwa watu waliotengeneza magari yote ya mjini, na sikutaka wajue kwamba watu hao wanaogea supu.

Lakini nisiwadanganye, hodhi halikuwa ajabu peke yake. Kulikuwa na taka. Madam alikuwa akikosha pakiti ya maziwa, anaipasua, anaikausha juu ya kamba kama nguo ya mtoto, kisha anaikunja. Vikombe vya mtindi vilikoshwa kuliko vikombe vyetu vya chai. Kila aina ilikuwa na mfuko wake, na mifuko ilifungwa kwa fundo la aina moja. Halafu mimi nikiichukua yote, natembea hadi lile tundu la ukutani na kuitupa humo moja baada ya nyingine, ikaanguka chini pamoja na mifupa ya biriani ya jengo zima. Nilimwambia Madam kwamba huko chini vyote vinachanganyika. Akasema anajua. Kesho yake akakosha pakiti nyingine.

Kadiri muda ulivyopita niliona Madam naye anabadilika. Alipofika Dubai alikuwa haendi dukani bila mumewe. Baadaye alijifunza kuendesha gari, akawa anavuka maji kwa abra, zile mashua za abiria, kwenda Deira kununua viungo, na anabishana bei na Wairani mpaka wanamtolea kiti. Alianza kucheka kiganja kikiwa mezani. Siku moja tulipokuwa tunamenya figili jikoni aliniambia kwamba kwao ni mke wa mtoto wa kwanza wa kiume, na mke wa mtoto huyo huishi nyumbani kwa mama mkwe na kumtunza mpaka mwisho. Dubai ilikuwa likizo yake. Aliomba isiishe, na mimi nikamwitikia amina kwa sauti, maana likizo yake ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Ndipo mama mkwe akaja. Walisema anakuja kukimbia baridi. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amenyooka, na alikuja na zawadi kwa kila mtu. Yangu ilikuwa ndani ya mfuko, ndani ya mfuko sanduku, ndani ya sanduku karatasi, ndani ya karatasi karatasi nyingine. Nilipofika ndani nikakuta leso. Nikashukuru kidogo tu, kwa sababu sasa nilikuwa nimeelimika.

Nilimwendea Bi Zuhura kumpa habari. Hakucheka. "Huyo hakuja kukimbia baridi," alisema. "Kaja kumchukua mkwewe. Na Madam akenda zake, Sir hana haja na mtumishi. Kafeel, yule mdhamini wako, atakufutia viza, khalas." Tangu siku hiyo nikawa namtazama bibi yule kama mtu anavyomtazama mkaguzi.

Hakuna aliyegombana. Ndiyo maana nawaambieni, vita vya kwao ni vibaya kuliko vyetu. Bibi aliamka kabla ya watu wote akapiga deki sakafu niliyokwisha kuipiga deki, kisha akaisifu jinsi ilivyo safi. Aliusifu wali wa Madam, akasema kwao maji ni matamu zaidi kwa wali. Alilisifu dirisha, akasema ni huzuni kwamba halina mti. Alimsifu Madam kwa kujua kuendesha gari, akasema kwao hakuna haja, kila kitu kiko karibu. Kila sifa ilikuwa kama kubanwa na mlango unaofungwa polepole, na Madam akaijibu kila moja kwa kuinama.

Jioni ilikuwa zamu ya hodhi. Sasa bibi alitangulia kwa sababu ni mgeni na ni mkubwa, na alikaa humo mpaka nikadhani kazimia. Kisha Sir. Madam aliingia akakuta maji ya kuoshea vyombo. Nilichemsha birika mpaka mkono ukaniuma, lakini hodhi ni hodhi. Alikuwa akitoka anatetemeka, anapita mbele ya mama mkwe, na mama mkwe anamuuliza kama maji yalikuwa mazuri. Alijibu kuwa yalikuwa mazuri sana.

Siku moja mezani bibi alikuwa anamsifu samaki. Kisha, kwa sauti ileile ya kumsifu samaki, akasema jambo, na Madam akaweka vijiti vyake chini. Sir akajibu "Hmm." Nilikuwa nimesimama na chai. Madam aliponifuata jikoni nikamuuliza kulikoni.

"Anasema kule nyumbani kwake amebadilisha mikeka ya chumba cha juu," alisema.

"Vizuri."

"Mikeka mipya hutandikwa mtu anapokuja kuishi, Mwana-san. Anasema sasa inanukia, lakini nikichelewa harufu itakwisha."

"Na Sir kasema nini?"

"Sir amesema hmm."

Kwetu mama mkwe akitaka kukuhamisha, mtaa wote utajua kabla yako. Atalia, atawaita mashangazi, atakumbusha nani alimnyonyesha nani. Huyu alitumia mkeka. Na mtoto wake, mwanamume mzima anayeogopwa na mafundi wa Ras Al Khor, akamaliza shauri la maisha ya mkewe kwa kuvuta pumzi puani. Nilimkasirikia Sir siku ile kuliko nilivyomkasirikia mama yake.

Nikajaza hodhi kama kawaida. Nikapima, nikafunika, nikaita kwamba maji tayari. Bibi alikuwa bado chumbani anakunja taulo lake, kwa sababu hata taulo la kwenda kujikaushia lilikunjwa kwanza. Madam akanipita ukumbini na taulo begani. Akaingia bafuni. Nikasikia komeo.

Bibi akatoka, akaukuta mlango umefungwa. Ndani ilisikika sauti ya bakuli na maji. Akanitazama. Mimi nikatazama dari, ambayo siku hiyo ilikuwa na mengi ya kutazamwa. Sir naye akaja na taulo lake. Wakasimama wote wawili ukumbini kama watu wanaosubiri daktari, na hakuna aliyegonga mlango. Nilishangaa, baadaye nikaelewa. Kugonga kungekuwa kukiri kwamba jambo limetokea.

Madam alikaa humo kwa raha zake. Alipotoka uso ulikuwa mwekundu, mvuke unamtoka mabegani. Akawainamia wote wawili akasema yale maneno ya adabu ambayo kwao mtu husema akimtangulia mwenzake, kwamba samahani nimetangulia. Huwezi kumgombeza mtu aliyekwisha kuomba radhi. Akaenda zake kukausha nywele.

Sasa likabaki swali la nani aingie maji ya mke. Sir aliwaza. Mwishowe akaja jikoni, akainama, akaomba kutumia bafu langu. Nyie mnaokwenda mtaliona bafu la mtumishi. Ni kijichumba nyuma ya jiko, bomba la mvua liko juu ya choo, na humo ndimo zinamokaa ndoo na fagio za kupigia deki. Nilimsikia akigonga magoti kila upande. Alipotoka alinishukuru sana, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kushukuriwa vile. Kesho yake mama yake naye akaomba ndoo.

Ikawa hivyo kila jioni. Madam alitangulia, akaomba radhi, na wakubwa wa nyumba wakapanga foleni kwenye bafu la mtumishi huku hodhi limejaa maji safi ya moto yasiyoguswa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa nikifungua kizibo na kuyaaga. Nilifurahi, sitaki kusema uongo, na niliogopa pia, kwa sababu nyumba isiyogombana haiwezi kupatana, na mimi riziki yangu ilikuwa katikati yao.

Kilichomwangusha bibi ni magoti. Mtu aliyezoea kulowekwa kila siku, ukimwogesha kwa ndoo kwenye vigae huku kiyoyozi kinavuma, lazima viungo vitasema. Akaanza kutembea ameshika ukuta. Jioni moja Madam alipotoka, bibi alikuwa amesimama mlangoni na taulo lake. Akaingia, akakaa juu ya kigoda. Madam akageuka, akakunja mikono ya nguo yake, akaingia nyuma yake kumsugua mgongo, na mimi nikaambiwa nilete birika.

Bibi alizungumza akiwa ametupa kisogo. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti ndogo. Mkono wa Madam ukasimama mgongoni, halafu ukaendelea.

Jikoni nilisubiri aanze mwenyewe. "Anasema alipoolewa nyumba ilikuwa imejaa," Madam aliniambia. "Aliingia majini wa mwisho kila siku. Maji yamepoa, yana nywele za watu wote. Akamngoja mama mkwe wake afe. Akamngoja mumewe. Anasema amefika mbele mwaka juzi tu."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nami nikingoja, itabidi nimngoje yeye."

"Ulimwambia hivyo hivyo, Madam?"

"Hapana. Nilimuuliza kama maji yana moto wa kutosha." Akafuta mikono yake. "Lakini amenielewa."

Nilimwonea huruma bibi yule, na nikachukia kumwonea huruma, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumcheka. Amesimama kwenye foleni tangu ubichi wake, na siku aliyofika mbele hakutaka foleni ivunjwe. Alitaka aliye nyuma asimame kama yeye alivyosimama. Watu wa namna hiyo ninao hata Tanga, wengine ni shangazi zangu, ila wao hawana kipimajoto.

Siku chache baadaye, wakati wa kifungua kinywa, bibi aliisifu chai. Kisha akasema kwamba hewa ya Dubai inamfaa Madam, ngozi yake imependeza. Akaongeza kuwa chumba kile cha juu kina upepo mzuri, atakitumia kukaushia figili. Sir akasema "Hmm." Madam aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza, na alikaa hivyo muda mrefu kuliko chai inavyostahili. Aliponitafsiria nikaenda kumwongezea bibi chai bila kuombwa. Viza yangu ilikuwa imepona kwa sababu ya figili.

Siku ya safari ya bibi, alasiri, nilijaza hodhi ili wote waoge kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Madam alikuwa mtu mpya kwa furaha, na furaha ilimrudishia adabu zote.

"Mama, tangulia tafadhali," alisema. "Wewe ni msafiri."

"Hapana, tangulia wewe," bibi akamjibu. "Ni nyumba yako."

Hayo hata mimi niliyaelewa bila kutafsiriwa. Madam akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua akainama akasema haiwezekani, mama atangulie. Bibi naye akainama akasema haiwezekani kabisa. Wakamgeukia Sir. Sir, ambaye mwezi mzima alikuwa hana neno, sasa akayapata yote, akawaambia wao watangulie kwanza. Nikaleta birika. Wakanishukuru, wakaendelea kukataliana. Nikaleta birika la pili. Walikuwa wamesimama mlangoni mwa bafu, kila mmoja na taulo lake, wanainamiana kwa zamu, na hakuna aliyekuwa tayari kumshinda mwenzake siku ambayo vita vimekwisha.

Simu ya mlangoni ikalia. Alikuwa dereva yuko chini. "Yalla, sir, airport. Tunachelewa."

Taulo zikakunjwa. Ndara zikavuliwa, zikageuzwa, viatu vikavaliwa. Bibi alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru mara moja tu. Wakashuka na masanduku, wote watatu, hawajaoga, wamenyooka, wananukia adabu na jasho kidogo.

Nikarudi bafuni. Nikachovya mkono. Maji yalikuwa vuguvugu, masafi, hayajaingiwa na mtu. Jikoni birika la tatu lilikuwa limeanza kuchemka. Nikaenda nikalileta, nikamimina lote, nikafunga komeo, nikakaa juu ya kigoda nikajisugua mpaka nikatakata. Kisha nikaingia wa kwanza.